Ganda moja la kumuaga Papa

Leo nimeaibika, na nimeaibikia kaburini.

Ndugu zangu wa group, munajua mimi si mtu wa kuandika mengi. Huwa nasoma, naweka kidole gumba, naendelea na kazi zangu. Lakini leo naandika mwenyewe, kwa sababu Mama Sifa alikuwepo, na kesho asubuhi Mama Sifa atakuwa sokoni Kituku na beseni lake la sambaza. Kabla samaki hawajaisha, ziwa lote litakuwa limepata habari. Bora muipate kwangu, bila chumvi. Chumvi ataongeza yeye.

Leo tumemzika Papa, baba yangu. Asanteni kwa pole zenu. Nilizisoma zote, sikuwa na nguvu ya kujibu.

Kwa wale wasiomjua: Papa alikuwa mlinzi wa pori huko Rutshuru, wakati ule ambapo wanyama walikuwa wengi kuliko bunduki. Yeye na wenzake walibeba bunduki za zamani, ndefu, za komeo. Unavuta komeo nyuma, unasukuma mbele, unapiga moja tu, unavuta tena. Walipostaafu wakateremkia Goma mmoja mmoja, kwa sababu munazozijua (vita haviulizi kama umestaafu). Walikuja na bunduki moja, nayo si bunduki tena. Fundi aliiziba mdomo kwa chuma. Haiwezi kuua hata panya.

Zamani, mlinzi akifa, wenzake walipiga risasi hewani juu ya kaburi lake. Hapa Goma, leo, ukipiga risasi hewani kwenye mazishi unatengeneza mazishi mengine. Basi wale wazee wakatafuta njia yao. Wana ganda moja la risasi, la shaba. Ndani hakuna baruti, na mbele, mahali pa risasi, wamechonga kichwa cha mti. Mtoto wa kwanza wa marehemu anaweka ganda hilo ndani ya bunduki, anafunga komeo, anaelekeza juu, anavuta gashete kwa kidole. Inalia: tak. Imeisha. Muzee Kasereka, mkubwa wao, anasema: "Zamu yako imeisha, pumzika." Hapo ndipo watu wanashika makoleo. Kabla ya tak, hakuna anayetupa hata jiwe moja.

Ganda ni lile lile kwa kila mzee. Limeng'aa sana, maana limeshikwa na watoto wengi wenye jasho mikononi.

Siku zake za mwisho, Papa alikuwa hawezi tena kuinua kikombe. Kifua kilikuwa kimemmaliza. Akanishika mkono.

"Vumi. Utanifungia weye."

"Papa, usiseme vile."

"Si Dido. Weye."

Dido ni mdogo wangu, yuko Kinshasa. Papa hakuniomba kitu kingine. Hakuomba sanduku zuri, hakuomba misa ndefu. Aliomba ile tak, na aliiomba kwangu.

Sasa leo asubuhi, uwanjani kwetu, watu wamekaa kwenye viti vya kuazima, Papa mudogo Anselme akasimama. Huyu ni mdogo wa Papa. Ni mtu mzuri, ila akisema jambo anapenda mtaa mzima usikie.

"Mwanamuke na bunduki mbele ya maiti? Sijaona. Tungoje Dido."

"Dido atafika na nini?" nikamuuliza. "Ndege haziruki."

"Basi mimi nitafanya."

"Papa alisema mimi."

Akageukia watu, kama wakili. "Eti Papa alisema! Mugonjwa anasema mambo mengi. Mimi alinambia nimuletee nyama ya mamba!"

Muzee Kasereka alikuwa amekaa kwenye kona, bunduki magotini, imefungwa kwenye kikwembe kama mtoto mchanga. Wamebaki watatu tu sasa, yeye na wazee wengine wawili ambao miguu yao haikuweza kufika leo. Akaniita.

"Mutoto, hii kitu unaijua?"

"Naijua, Muzee. Papa alinifundisha."

"Tujaribu kidogo hapa, mbele ya kutoka?"

Nikaona Papa mudogo ananitazama. Nikaona watu wote wananitazama. Nikainua kidevu.

"Hapana, Muzee. Haina lazima."

(Munaotafuta mahali aibu ilipoanzia, ni hapo hapo. Huko mbele ni matokeo tu.)

Sikudanganya. Papa alinifundisha kweli. Tulipokuwa bado kule Kiwanja, huko Rutshuru, mvua ikinyesha, alikuwa anafunga mlango na kutandika gunia mezani ili aipake bunduki mafuta. Alinipa maganda matano matupu nicheze nayo. Niliyasindika moja baada ya jingine chini, kwenye tumbo la bunduki, mpaka yote yanalala. Halafu nasukuma komeo. Komeo lina ukucha mrefu wa chuma ubavuni. Ganda linapanda kutoka tumboni, mkia wake unaingia chini ya ukucha, na ukucha unalishika vile mama anavyoshika mkono wa mtoto sokoni. Halitoki tena mpaka yeye atake. Nilifanya hivyo mpaka Mama, wakati ule akiwa hai, akasema huyu mtoto mtamuoza kwa nani.

Niliijua ile bunduki. Niliijua na maganda matano.

Tukatoka. Njia ya kwenda upande wa Munigi munaijua, vumbi jeusi na mawe. Chefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, alikuwa ametukubalia kwa sharti moja: sauti isisikike. Bunduki tuliilaza kati ya mitaimbo na makoleo, na kikwembe chake. Mama Sifa alitembea pembeni yake. Huyu ni jirani yetu, alikuwa anamletea Papa sambaza wa kuchemsha hata Papa alipokuwa hali tena.

"Mutu akiuliza," akaninong'oneza, "tunasema ni fimbo ya pasta."

"Mama Sifa, sisi ni Wakatoliki."

"Njo maana hatamujua."

Ndicho kicheko changu cha mwisho kabla ya aibu. Kikumbukeni.

Makaburini kulikuwa na watu wengi. Siku hizi ukienda kuzika hukosi jirani. Upande wa kushoto walikuwa wanazika sanduku fupi, lile ambalo mtu mmoja anabeba peke yake. Upande wa kulia kulikuwa na kaburi lililokwisha kuchimbwa, tupu, linangoja mtu tusiyemjua bado. Wachimbaji wanatangulia, kwa sababu hili jiwe la volkeno halichimbwi kwa haraka. La Papa walipigana nalo tangu jana, na bado halikwenda chini sana. Ni jembamba, kuta zake zinakwaruza kama chuma cha kukunia muhogo.

Katekista akasali. Tukaimba. Sanduku likateremshwa kwa kamba. Mama Sifa akainua telefone juu ya vichwa vya watu, maana Dido alikuwa anatufuata kwa video. Nikamwona mdogo wangu, uso mdogo kama stempu, macho mekundu.

Muzee Kasereka akafungua kikwembe. Akanipa bunduki. Akatoa ganda katika mfuko wa shati, mfuko wa upande wa moyo, akalipangusa kwa kidole gumba, akaliweka katika kiganja changu.

Hata wale wa sanduku fupi waligeuka kututazama.

Nikavuta komeo nyuma. Likavutika vizuri. Papa mudogo Anselme akanyanyua nyusi. (Unaona? nikasema moyoni. Unaona?)

Nikatazama ndani. Tumbo la bunduki lilikuwa wazi, kubwa, na mimi nina ganda moja tu. Nikawaza: hili moja, kwa nini kulisumbua kulipitisha chini? Chumba chake kile pale mbele, ndiko linakoenda. Nikalichukua kwa vidole viwili, nikaliingiza moja kwa moja chumbani. Likaingia laini kabisa, kama ufunguo katika kufuli lake.

Nikasukuma komeo mbele. Likaja. Likaja. Likagoma.

Bado kidogo sana lifike. Upana wa kucha. Nikasukuma tena. Likagoma. Nikajaribu kukunja mkono wa komeo chini, ndivyo linavyofungwa. Halikunjiki. Nikarudisha nyuma, nikasukuma kwa nguvu. Ko! Pale pale.

Watu mia wanangoja sauti moja, na mimi naleta nyingine.

Dido, ambaye huniita Yaya, akauliza: "Yaya? Rezo ya telefone inakata? Naona umesimama tu."

"Rezo iko muzuri," Mama Sifa akamjibu. "Ni yeye njo amekata."

Papa mudogo akakohoa. Kile kikohozi kilikuwa na maneno ndani. Nikakisikia chote. Basi badala ya kusimama, badala ya kumgeukia Muzee aliye hatua moja pembeni yangu na kumwambia "Muzee, nisaidie", nikafanya jambo ambalo hata ng'ombe asingefanya. Nikainua kiganja, nikalipiga komeo. Pah! Nikapiga tena. Pah! Nikaweka kitako cha bunduki pajani, nikapiga la tatu kwa nguvu zote za mtoto wa kwanza.

"Hapana!" Muzee Kasereka akapiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele. "Hapana, mutoto! Usilazimishe, utavunja!"

Sasa jiwekeni upande wa wale wa sanduku fupi. Wao hawajui ganda, hawajui kichwa cha mti. Wanachoona ni mwanamke wa nguo nyeusi anapigana na bunduki, na mzee anapiga kelele "Hapana!" Mtu mmoja kwao akasema neno moja tu.

"Bunduki!"

Watu wa Goma hatuhitaji neno la pili. Walilala wote. Walilala kama nguo inayoanguka kwenye kamba, kwa pamoja, tumbo chini, mikono kichwani. Watu wetu pia wakalala, wale wale waliojua kwamba bunduki ni mzoga! Miili yetu imefundishwa, haingoji akili. Katekista hakulala. Katekista aliruka, na kanzu yake nyeupe, akaingia ndani ya lile kaburi tupu la upande wa kulia.

Nikabaki nimesimama.

"Haina kitu!" nikasema. "Jamani, haina kitu ndani!" Nikageuka kushoto kuwaonyesha. Mdomo wa bunduki ukageuka nami. Wa kushoto waliokuwa wameanza kuinua vichwa wakavirudisha. Nikageuka kulia kuomba radhi. Wa kulia wakarudi chini. Nilikuwa nawalaza watu kama upepo unavyolaza mtama, na kila nikiomba msamaha nawalaza tena.

Kutoka ardhini nikasikia sauti ya Dido: "Mama Sifa! Niko naona majani tu! Kuna nini?"

"Nyamaza, weye!" Mama Sifa akamjibu, uso kwenye majani. "Dada yako anatumaliza!"

Mwingine aliyebaki wima ni Muzee Kasereka tu. Nilidhani ni ushujaa. Baadaye aliniambia ni magoti: akilala, hainuki.

"Mutoto," akasema, sasa polepole, kama mtu anayezungumza na mbuzi aliye barabarani. "Geuza mudomo juu. Juu, kwa Mungu. Vile. Sasa vuta komeo nyuma."

Nikavuta. Komeo likarudi tupu. Ganda halikuja nalo. Lilibaki kule ndani ya chumba, limekaa, linanitazama na mkia wake.

"Halitoki, Muzee."

"Litatoka namna gani? Ukucha haukulishika. Ukucha hauwezi kuruka juu ya mukia. Ganda njo linapaswa kuja kwa ukucha, kutoka chini."

Nilijua. Wakati anasema nilijua kwamba nilijua. Kwa kawaida ungeingiza kijiti mdomoni mwa bunduki ulisukume kwa nyuma. Lakini mdomo fundi ameuziba kwa chuma. Ganda letu la pekee lilikuwa limefungiwa ndani ya bunduki ambayo haina mlango wa mbele, nao mlango wa nyuma nimeuharibia adabu.

"Gonga kitako chini," Muzee akasema. "Si kwa hasira."

Nikagonga kwenye jiwe. Mara moja, hakuna. Mara ya pili, kitu kikachezacheza ndani. Nikainamisha bunduki kidogo ili nichungulie.

Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa kaburi. Naona wengine wenu mumeshafika kabla yangu.

Ganda likateleza, likatoka ubavuni, liking'aa sana kwenye jua, likaanguka chini. Likapiga sanduku la Papa.

Tok.

Kisha tukalisikia likiviringika, likishuka, likiingia mahali kati ya mbao na jiwe. Kisha hatukusikia kitu.

Watu walianza kuinuka wakijikung'uta vumbi. Katekista alitoa kichwa nje ya kaburi la mtu mwingine, akajipiga alama ya msalaba, akabaki pale pale kwanza.

"Yaya," ikasema telefone, kwa sauti ndogo. "Ile njo tak?"

Muzee Kasereka akatazama chini kaburini. "Hapana, mwanangu," akamjibu Dido. "Ile ni kubisha hodi tu."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua, akajikamata. Papa mudogo Anselme akaanza kuvua koti.

"Nitashuka mimi. Nilisema toka asubuhi."

"Hapana, Papa mudogo," nikasema. "Mimi."

Sikusema kwa kiburi tena. Kiburi kilikuwa kimekwisha, kimeanguka pamoja na ganda. Lakini ganda ni moja. Likibaki kule, Papa anafukiwa bila salamu yake, na wale wazee watatu waliobaki nao hawatakuwa na kitu siku yao ikifika. Na ni mimi niliyelitupa. Nikampa Muzee bunduki, nikafunga kikwembe changu vizuri, nikakaa ukingoni, nikajiachia.

Wapendwa, kaburi la mtu mmoja ni la mtu mmoja. Hakuna nafasi ya mgeni. Nilibanwa kati ya sanduku na mwamba, na Mungu hakuniumba mwembamba. Nikapiga magoti kwa ubavu. Nikaingiza mkono katika ule upenyo, mwamba ukanikwangua ngozi hadi kiwiko, na ili mkono ufike mbali zaidi ilinibidi nilaze shavu juu ya sanduku.

Mbao zilikuwa na harufu ya vanishi. Zilikuwa za moto kwa jua.

Nawaambia ukweli. Tangu Papa afe sikuwa nimelia. Niliosha, nilipika, nilipanga viti, nilikubali pole. Watu walisema, Vumilia ana jina lake. Sasa shavu langu likiwa pale, juu ya kifua chake pengine, au juu ya magoti, sijui, nikaikumbuka ile meza ya Kiwanja. Mvua. Gunia. Siku moja nilikuwa nimepoteza maganda chini ya kitanda, limebaki moja, na nikamuuliza: "Papa, na likibaki moja tu, ninaliweka tu pale mbele?" Akanitazama juu ya bunduki, mafuta vidoleni.

"Hapana, Vumi. Hata likiwa moja, linapita chini kwanza."

Alinifundisha. Hata hilo alinifundisha. Mimi ndiye niliyebaki na matano tu kichwani.

Hapo nikaanza kutikisika. Kule juu walidhani nalia, wanawake wakaanza kilio cha kunisindikiza. Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka. Nilicheka nikiwa nimemlalia Papa, mdomo kwenye mbao ili wasisikie. Halafu katikati ya kile kicheko kitu kikageuka, na sikuwa nacheka tena. Nililia mpaka vanishi ikalowa. Hawakujua tofauti kule juu, na mimi mwenyewe siwezi kuwaonyesha mpaka ulikuwa wapi.

Kidole changu kikagusa shaba.

"Nimelipata!" nikapiga kelele.

"Asifiwe!" akajibu katekista, kutoka kaburini kwake.

Kutoka, hata sitaki kueleza. Papa mudogo alishika mkono mmoja, wachimbaji wakashika mwingine, Mama Sifa akampa mtu telefone ili ashike mgongo wa nguo yangu. Walinivuta kama ndoo kutoka kisimani. Nilipofika juu, sandali yangu ya kuume ilikuwa haiko. Nikatazama chini. Iko pale pembeni ya sanduku, upande wa miguu, imekaa kwa adabu kama ya mtu aliyeivua ili aingie ndani ya nyumba.

"Nirudi?" nikauliza.

"Hapana!" wakasema wote kwa pamoja. Na katika hao wote sauti ya Papa mudogo ilikuwa ya kwanza.

Nikasimama tena mahali pangu, mguu mmoja mtupu juu ya jiwe, mkono unatoka damu, uso umejaa vumbi na vanishi. Muzee akanipa bunduki.

"Polepole," akasema. "Yeye hana haraka tena."

Nikavuta komeo nyuma. Nikaweka ganda juu ya tumbo la bunduki, nikalisindika kwa kidole gumba mpaka likalala chini. Peke yake, kwenye nafasi ya matano. Nikasukuma komeo. Nikasikia mkia ukipanda, ukiingia chini ya ukucha. Nikasikia ukucha ukilishika. Nikakunja mkono wa komeo, ukakunjika kama haujawahi kugombana na mtu.

Nikaelekeza juu. Wale wa sanduku fupi walikuwa wamesimama wote, wanaume wamevua kofia. Sijui ni nani aliyewaeleza. Hakuna aliyelala.

Tak.

Ilikuwa ndogo sana. Hata chefu wa avenue angekuwa pale asingeisikia. Lakini Dido aliisikia kule Kinshasa, maana telefone ilianza kulia.

"Zamu yako imeisha," Muzee Kasereka akamwambia Papa. "Pumzika."

Na koleo la kwanza lilishikwa na Papa mudogo Anselme.

Tulipokuwa tunarudi alinikaribia, akatembea nami kwa muda bila kusema. Munajua vile kimya kinavyomuuma yeye. Mwishowe akasema: "Papa yako alikuwa na haki kukutuma weye."

"Kwa nini, Papa mudogo?"

"Ju Dido angevunja komeo kweli." Akatembea tena kidogo. "Na mimi nisingeshuka. Nilivua koti tu."

Nyumbani, watu walipoanza kula, Muzee Kasereka akaniita tena kwenye kona yake. Akatoa ganda mfukoni mwa shati. Nilidhani anataka kunionyesha kama nimelikwaruza. Badala yake akaliweka kiganjani mwangu, akakunja vidole vyangu juu yake.

"Tumebaki batatu," akasema. "Mimi batoto wangu balienda mbali, sijue beko wapi. Ya wale wengine ni vile vile. Utatufungia weye."

Nilisema, "Ndiyo, Muzee." Halafu, kabla hajainuka, nikamshika mkono wa shati.

"Muzee. Bunduki iko hapa. Tujaribu kidogo, mbele ya siku yenyewe?"

Akacheka mpaka akakohoa, mpaka Mama Sifa akaja na maji. Tukajaribu. Moja, kupitia chini. Tukajaribu tena. Watu walikuwa wanasogeza viti vyao mbali nasi na sahani zao mkononi.

Basi, ndiyo habari yenyewe. Mukitaka kucheka, ngojeni kesho, mucheke pamoja na wateja wa Mama Sifa. Leo nihurumieni: nimefiwa, na niko na sandali moja.